Mtoto Asiyetazama

Asikohoe tu, akikohoa basi, mtoto ataamka, na akiamka ataendelea pale pale alipoachia jana usiku, na jana usiku alilia mpaka wageni wa chumba cha pili wakagonga ukuta, kwa hiyo Marlys alimeza mate, akameza tena, kikohozi kikashuka nusu ya njia kikakaa kooni kikimvizia, naye akabaki vile vile alivyokaa, kwenye benchi la mbao ghorofa ya chini ya mnara, mgongo haujaegemea kitu, mtoto amelala kifuani ndani ya mbeleko ya dukani yenye vifungo visivyoisha, mkono wa kushoto umenasa chini ya kichwa chake na umekufa ganzi tangu wenzake walipopanda juu... wenzake wote wako juu, kundi zima la Wamarekani na watoto wao wapya wa kuasili, na Gordi yuko juu pamoja nao, mume wake, amekwenda na kamera, "Nitakupigia picha za kila kitu, wewe kaa na bibi harusi wako huyo mdogo," alisema, akamkonyeza, akaondoka anaruka ngazi mbili mbili utadhani kijana wa shule, fundi mzima wa mabasi mwenye mvi, tangu jana hafungi mdomo kwa furaha, tangu jana anaimba, anamwimbia mtoto matangazo ya matrekta ya redioni kwa sababu ndiyo nyimbo pekee anazojua maneno yake hadi mwisho, na mtoto anatazama taa. Hilo ndilo. Mtoto anatazama taa. Hamtazami Gordi, hamtazami yeye, anatazama taa ya darini, au dirisha, au mkono wake mwenyewe, anauinua mbele ya uso na kuugeuzageuza taratibu kama mtu anayekagua kitambaa sokoni, na ukimshika kidevu kwa upole ukamgeuzia kwako, uso unakuja lakini macho hayaji, yanapita kando ya sikio lako yakaenda zake. Marlys anayajua macho hayo. Hajamwambia mtu. Na saa tisa mchana huu watarudi kwenye ile ofisi ya jana, afisa atauliza kwa Kichina na Bi Wen, mwongozaji wao, atatafsiri, mmeridhika na mtoto huyu, mtamlea, hamtamtupa, na mtu atapaswa kujibu ndiyo au hapana, kwa maana ndivyo utaratibu ulivyo, unakabidhiwa mtoto leo, unakwenda kulala naye hotelini, kesho unarudi kusema, na jana kwenye basi Bi Wen alishika kipaza sauti, tabasamu lile lile analowatangazia nalo muda wa chakula, akasema, "Akina mama, akina baba, kama kuna tatizo lolote na mtoto, msije mkaniaibisha ofisini, niambieni mimi kwanza, mapema, watawatafutia mwingine." Mwingine. Watoto kumi wanalia, wazazi wanatazamana, halafu Roberta wa Ohio, mwenye wavulana watatu nyumbani na asiyeogopa mtu, akapaza sauti, "Wenzangu, hata viatu dukani nilipewa wiki mbili!" watu wakaangua kicheko, Marlys naye akacheka, alicheka kuliko wote, na alipomaliza kucheka alikuwa na wazo ambalo hakuwa nalo kabla, na lile wazo limelala naye, limeamka naye, limekunywa naye uji wa mchele asubuhi, sasa limekaa hapa benchini pamoja naye.

Akishuka Bi Wen nitamwita kando, alijiambia, nitamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, Bi Wen, nina jambo... na papo hapo akaisikia sauti ya Bi Wen mwenyewe ikidondoka kutoka juu kupitia ngazi, vipande vipande, "...nasaba ya Tang... ukaungua... wakajenga tena... ukaungua..." maana mnara huu wa Tengwang umeungua na kujengwa mara nyingi hata haina maana kuuliza, na huu wa sasa ni wa saruji tupu, una lifti ndani, Gordi alimuuliza Bi Wen getini, "Sasa ule wa kale uko wapi?" na Bi Wen akamjibu bila hata kupepesa, "Ndio huu, baba," na Gordi akacheka mpaka akashika mbavu, anacheka kila kitu, huko nyumbani Minnesota si mtu wa kucheka hivyo, huko anaweza kumaliza chakula cha jioni kwa maneno matatu na moja likiwa chumvi, ni furaha hiyo, furaha imempanda kichwani, na nani atakwenda kumwambia mtu aliye hivyo? Utaanzia wapi? Gordi, yule uliyemngoja miaka yote, uliyempakia rangi chumba, ukabadilisha mara mbili kwa sababu manjano ya kwanza ilikuwa kali mno, huyo, hapana, siye... na hata kama Gordi angemeza, nani angemwambia Doris? Doris, kiongozi wa akina mama wa kanisani kwao, yuko nyumbani anashona bango la kumpokea mtoto. Wanawake wote wa kanisa wamechanga vipande vya nguo zao, mia moja kamili, kipande kutoka kila nyumba, wakashona mfarishi mmoja wa kumfunika mtoto, kuna kipande cha tai ya marehemu mume wa Doris, kuna kipande cha aproni ya mama yake Marlys, walikaa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa majira yote ya baridi wakila biskuti na kushona na kulia machozi, na Jumamosi watakuja uwanja wa ndege wa Minneapolis kwa basi la shule, basi ambalo Gordi mwenyewe alilifanyia huduma kabla hawajaondoka, watakuja na mapulizo na mchungaji, na mlango ukifunguka wanatoka watu wawili, mikono mitupu. Au wanatoka na mtoto mwingine. Loo, huyu mbona si yule wa kwenye picha? Hapana, yule tulimrudisha. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa kiyoyozi kilikuwa kinapuliza juu yao moja kwa moja, nje kunaunguza, Nanchang mwezi wa saba hata mbwa hatoki kivulini, ndiyo sababu alichagua benchi hili, chini ya kiyoyozi, kando ya duka la vyungu vya kaure, na muuzaji wa dukani amelaza kichwa mezani anasinzia, mwenye bahati yake.

Akajaribu kusogeza kidole. Hakuna kidole. Akashusha macho bila kushusha kichwa, akaona utosi wa mtoto, nywele zimenyolewa karibu zote, na nyuma kichwa kimekuwa bapa kwa kulazwa chali, hilo Bi Wen alilieleza, watoto wengi wa vituo vya yatima wako hivyo, walezi ni wachache, mtoto analazwa, analala, kitajirudi, na mambo mengine mengi yatajirudi, hakai mwenyewe ingawa ana mwaka na zaidi, atakaa, hashiki kijiko, atashika, ndivyo vitabu vinavyosema, na hao watoto wengine wa kundi nao ndivyo walivyo, kila mmoja na lake, lakini wanatazama, hilo ndilo lisilomtoka, wanatazama, wa Roberta kutwa anamkodolea Roberta macho ya chuki kama askari wa kodi, hataki kushikwa, anarusha chupa, na Roberta anafurahi, "Mwoneni huyu, ana hasira na mimi, mwanangu kabisa!" na Marlys aliona wivu, wivu mbaya, aliutamani ule mtazamo wa chuki. Kule Beijing hakuwa na wivu na mtu. Kule Beijing, wiki iliyopita... safari ilipangwa hivyo, kwanza vivutio halafu mtoto, ili wapumzike, wazoee saa, wajue nchi ya mtoto wao, basi wakapelekwa kwenye jumba la wafalme, kwenye kiwanda cha hariri, kwenye Ukuta Mkuu wa China, na pale Ukutani, Mungu amsamehe, alikuwa na raha. Alipanda peke yake, Gordi goti lilimkamata akabaki chini, akapanda mpaka watalii wakapungua, upepo ukampiga usoni, akanunua kofia ya majani kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mnara wa walinzi, wakacheka pamoja bila lugha, akala pichi iliyomdondokea kifuani, na asubuhi nzima, nzima, hakumkumbuka mtoto. Alikumbuka aliposhuka. Akaona haya, akajiambia ni uchovu. Leo hii anajiuliza kama ile haikuwa ndiyo asubuhi yake ya mwisho, ya kupanda mahali kwa miguu yake mwenyewe na kushuka atakapo, maana huyu wa hapa kifuani, kama ndivyo alivyo, hakui akaondoka. Hapo ndipo penyewe. Huyu haendi shule akarudi na marafiki, haolewi, haendi zake, huyu ni wa kufungwa vifungo vya nguo mpaka Marlys na Gordi wawe wazee wa kufungwa vifungo wao wenyewe, na baada ya hapo nani? Doris?

Aliyajua macho hayo kwa kaka yake. Arlen alimzidi miaka miwili, alikaa nyumbani mpaka daktari wa mjini alipomwambia mama yao, mpeleke, mpeleke upumzike, una mwingine wa kulea, na huyo mwingine alikuwa ndiye Marlys, basi wakampeleka kwenye jengo la serikali la matofali mekundu, harufu ya dawa ya sakafu na viazi vya kuponda, zama zile ndivyo watu walivyofanya na hakuna aliyewasema vibaya, kinyume chake, waliletewa vyakula, na kila Jumapili baada ya ibada mama alichukua keki wakapanda gari wote watatu, Arlen anaketishwa kwenye kiti akitazama taa, mama anamchana nywele, anamchana, anamchana, baba amesimama dirishani na kofia mkononi, na Marlys mdogo anaruka mbele ya kaka yake, anatoa ulimi, anageuza kope, anafanya kila kituko alichojaliwa ili amtazame mara moja tu, mara moja ingetosha, na hakumtazama mpaka walipomzika. Na kurudi nyumbani ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka maghala ya nafaka ya mjini kwao yaonekane, hapo baba angekohoa, mama angesema, "Haya, tutakula nini?" ... kikohozi. Kikohozi kilipanda tena, akakaza midomo, macho yakamtoka machozi, mtoto akajipindapinda kidogo, akatoa sauti ndogo ya kulalamika, akatulia. Hapana. Sitaki, alisema moyoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza bila kuzunguka, sitaki, nimekwisha kulipitia hili, nilikwisha kuruka mbele ya kiti hicho utoto wangu mzima, siwezi tena, mtafutieni mtu mwenye moyo, mtafutieni Roberta, mimi naomba mwingine, na neno lile mwingine lilipopita kichwani mwake kwa sauti yake mwenyewe aliona haya nalo, lakini halikurudi nyuma, lilibaki.

Ndipo yule bibi alipotokea. Hakujua ametokea upande gani, bibi mfupi wa mji huo, mwenye suruali ya maua na kipepeo cha majani cha kujipepea mkononi, huenda alikuja kukimbia joto kama wengine, akasimama mbele ya benchi akamtazama mtoto, akamtazama Marlys, akatazama kiyoyozi, akaanza. Marlys hakuelewa hata neno moja, akaelewa yote, maana kundi zima linawajua bibi hawa, Roberta amewapa jina, polisi wa soksi, hawapiti mbele yao bila kutiwa hatiani, na huyu alikuwa mkuu wa kituo, alielekeza kipepeo juu kwenye kiyoyozi, akaelekeza chini kwenye nyayo za mtoto zilizo wazi, akajipiga tumboni, sauti ikapanda, "Wewe mama wewe, umekaa tu! Mtoto anapigwa upepo miguuni, tumbo liko nje, umekaa tu kama umekuja sinemani!" hivyo ndivyo ilivyosikika, haikuhitaji Bi Wen, na muuzaji wa kaure akainua kichwa mezani, akatazama, akaongeza na yake mawili matatu kabla ya kukilaza tena. Taratibu, taratibu, Marlys alinong'ona kwa lugha yake, kidole mdomoni, analala, utaniamshia mtoto, na bibi wala hakusikia habari ya kidole, akainama, akavuta suruali ya mtoto kufunika vifundo vya miguu, sawa, akashusha fulana kufunika tumbo, sawa, halafu akatia mkono kwenye kifungo cha mbeleko, kile cha juu, amfungue amgeuze vizuri au amchukue kabisa amwonyeshe mzungu mtoto anavyobebwa, na mkono wa kulia wa Marlys, ulio hai, ulitoka wenyewe ukamkamata kiwiko. Ukakaza. Wakatazamana. Bibi akautazama ule mkono mkubwa mweupe wenye madoa ya jua, akamtazama Marlys usoni, na uso wake wote ukakunjuka, akacheka, akampigapiga mkono kama anayemtuliza ng'ombe, "Hao, hao," akasema, vizuri, vizuri, akachomoa leso mfukoni mwake, akazifunika nyayo za mtoto kwa leso, akaisokomeza pembeni vizuri isidondoke, akaenda zake huku bado anasema, anamweleza muuzaji, anaueleza mnara, hadi nje.

Moyo ulikuwa unamdunda, na mtoto amelala. Asijidanganye. Si mapenzi yale, ni hasira, hata mtu akimtilia mkono kwenye mfuko wa viazi pale maegesho ya supamaketi angefanya vile vile, na zaidi, mkono ukimkamata mtu haina maana kichwa kimekubali, yeye ni mtu wa kichwa, ni karani wa maghala ya nafaka, tangu lini akaamua mambo kwa mkono... ila alikuwa amekasirika, kweli kweli, na jambo lenyewe lililomkasirisha, akilichunguza, halikuwa ule mkono wa bibi, lilikuwa lile la umekaa tu. Nimekaa tu? Mimi? Mkono umekufa, mgongo unaniua, sijakohoa tangu saa ngapi, mtoto amelala kwa mara ya kwanza tangu alipotolewa kwa mlezi wake, amelala juu yangu, si juu ya Gordi na matrekta yake, juu yangu, halafu nimekaa tu! Na mama yake akamjia hapo hapo bila kuitwa, mama ambaye tangu walipompeleka Arlen hakukaa tu hata siku moja, hilo Marlys hakuwahi kulifikiria, alidhani ndivyo mama alivyoumbwa, mikono haipumziki, ikiwa si kushona ni kumenya, ikiwa si kumenya ni kufuta meza iliyokwisha kufutwa, jioni wenzake wakikaa kibarazani yeye anakunja nguo, hata hospitalini siku za mwisho alikuwa anakunja ukingo wa shuka, anakunja, anakunjua, upumzike, daktari alimwambia, mpeleke upumzike. Na kama nilivyokaa hivi sasa, mtoto mzito kifuani na mikono haina la kufanya, mama hakukaa tena maisha yake yote. Alimhurumia. Hakuwahi kumhurumia mama, alikuwa akimlaumu au akimtetea, moja ya hayo mawili, na sasa alimhurumia tu, huko mbali, ndani ya mnara wa saruji.

Viatu vikashuka ngazi, si mbili mbili, moja moja. Gordi. Alikuja peke yake, kengele za kale zimeanza kupigwa huko juu, onyesho la muziki la wageni limeanza na watu wote wamekaa, naye ameshuka, kamera inaning'inia shingoni, akachuchumaa mbele ya benchi kwa lile goti lake bovu, akamtazama mtoto, hakuimba. "Bado amelala," alisema. "Bado." "Nani kamwekea leso?" "Polisi." Hakucheka. Gordi hakucheka, na Marlys akaona kwamba uso wake hauna ile furaha, umeivua mahali fulani huko juu, umebaki uso wake wa nyumbani, wa maneno matatu, na kabla hajapanga lolote, kabla ya Bi Wen na kuitwa kando na sauti ya kawaida, maneno yakamtoka. "Gordi, hanitazami." Gordi akashika ukingo wa benchi. "Gordi, umenisikia? Hatazami mtu. Si uchovu. Ni kama Arlen." "Najua," Gordi alisema. Akasema tena, chini zaidi, "Najua, Marlys. Jana usiku ulipokwenda kuoga nilimtingishia funguo, nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Anasikia vizuri tu. Nikajiweka mbele yake kila upande, nikalala hata sakafuni. Hatazami." "Na unaimba!" "Sasa nifanye nini? Nilidhani wewe hujaona. Nikasema, mwache mwenzako afurahi japo siku moja." Mwache mwenzako afurahi, na yeye alikuwa amekaa na siri ile ile akimwachia Gordi furaha ambayo Gordi hakuwa nayo, usiku kucha wamelala mgongo kwa mgongo kila mmoja anamlinda mwenzake, wapumbavu wawili, ilimpanda hamu ya kucheka na ya kumzaba kofi, zote pamoja, na asingeweza lolote kati ya hayo bila kumwamsha mtoto. "Sikiliza," Gordi alisema, anaongea na leso, "nimewaza huko juu. Ukitaka tuseme hapana, mimi ndiye nitakayesema. Nitasema ni mimi niliyekataa. Kwa Bi Wen, kwa Doris, kwa mchungaji, kwa kila mtu. Kwamba wewe ulimtaka, mimi nikagoma. Waniseme mimi, mimi nimezoea kusemwa. Hakuna atakayekunyooshea kidole, na mimi sitakukumbusha mpaka nife." Akamaliza, akapangusa uso kwa kofia.

Basi ndiyo hayo. Kile alichokuwa akikitafuta tangu jana, njia ya kutokea, amewekewa mbele yake imefagiliwa, na aliyeifagia ni yule yule aliyemdhania kuwa ndiye amekaa mlangoni, na afueni ilimjia kweli, haikatai, ilimshuka kuanzia mabegani, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu asubuhi. Akajiona anaisikia saa tisa inapita. Akajiona anafungua kifungo cha juu, cha pembeni, cha chini, anamwinua mtoto kutoka kifuani, upepo wa kiyoyozi unapiga pale jasho lao wawili lilipolowanisha blauzi, anamkabidhi, kwa Bi Wen, ni lazima kuwe na mikono ya kupokea, kwa hiyo ya Bi Wen, na mtoto anafumbua macho na hamtazami, hata hapo hamtazami, anatazama taa, na hatajua, uzuri ni huo, hatajua kabisa, hatalia kwa ajili yake, halafu yeye na Gordi wanapanda basi, wote wawili, hakuna anayesema neno mpaka maghala ya nafaka yaonekane. Tutakula nini? Alingoja ile afueni iendelee. Haikuendelea. Aliitafuta, akaisukuma, alijiambia nyanyuka basi mwanamke, njia hiyo, hakuna anayekushika, na kweli hapakuwa na mtu anayemshika, si Doris, si mchungaji, si Gordi, hapakuwa na kitu chochote juu yake ila huyu mtoto na uzito wake wa kuku wawili, naye alikuwa amelala, hamshiki, mikono yake midogo imelegea pembeni, na Marlys hakunyanyuka. Akangoja aone kama atanyanyuka. Hakunyanyuka. Ilimshangaza, na ilimtisha kuliko lolote la tangu jana, maana mpaka sasa alikuwa na watu wa kuwasingizia.

"Nimchukue?" Gordi aliuliza. "Unyooshe mkono kidogo, umekuwa wa buluu." "Usimguse." "Marlys..." "Utamwamsha." Kengele za juu zikanyamaza, watu wakapiga makofi, punde wote watashuka, Roberta na sauti yake, Bi Wen na kipaza sauti chake, watoto tisa wenye kutazama. "Huenda asitutazame kamwe," Marlys alisema. Gordi akafikiri, hakumdanganya. "Huenda." "Tutakuwa vizee na bado tunamfunga vifungo." "Huenda." "Na tukifa?" "Sijui," Gordi alisema, "hilo sijui kabisa." "Saa tisa nitasema ndiyo," Marlys alisema, "nitaisema mimi mwenyewe, usinisemee. Na naogopa, Gordi. Sijampenda, sijui kama nitampenda. Usiniambie nisiogope." "Sikuambii," Gordi alisema, akajiinua kwa kushika benchi, akakaa kando yake upande wa mkono uliokufa, wote wawili wakawa wanamtazama mtoto.